Kutoka Maji Baridi hadi Kipozainjini: Historia Fupi ya Maneno ya Kupoza Injini katika Pwani ya Kilwa

Mtu wa pwani ya Kilwa akisema "maji baridi", mara nyingi hana nia ya kutaja maji yaliyopoa. Ana nia ya kutaja maji yasiyo na chumvi, yaani maji ya kisima, ya mto au ya mvua, akiyatofautisha na maji ya bahari. Maji hayo huweza kuwa yanatokota jikoni na bado yakaitwa baridi. Maana hii ni kongwe na ni sahihi. Lakini mwananchi wa bara, aliyekua na Kiswahili mbali na bahari, akiyasoma maneno hayo hayo huelewa jambo jingine kabisa: maji yaliyotoka mtungini. Tofauti hiyo haidhuru watu wanapozungumza juu ya maji ya kunywa. Hudhuru sana pale maneno hayo yanapoandikwa katika kitabu cha maelekezo ya gari, kwa sababu dereva anayemimina maji yaliyopoa katika injini ya chuma iliyochemka huweza kuipasua kichwa.

Makala haya yana nia ya kueleza jinsi lugha yetu ilivyolipokea jambo la kupoza injini, tangu wakati wa maji matupu hadi wakati huu wa vimiminika vya rangi vinavyouzwa madukani, na kupendekeza maneno yatakayomfaa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayeandika maagizo kwa madereva. Mifano mingi imechukuliwa Kilwa, hasa Songo Mnara, kwa kuwa huko mambo yote matatu yanayohusika, yaani chumvi, chokaa na joto, huonekana pamoja.

Maji na mawe ya Songo Mnara

Songo Mnara ni kisiwa kimojawapo katika funguvisiwa la Kilwa, kusini ya Kilwa Kisiwani. Mji wake wa mawe ulistawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, na magofu yake, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Humo mna nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na visima.

Mawe yenyewe ni ya matumbawe. Waashi wa zamani waliyapanga kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni. Kwa lugha ya kemia, matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti. Mvua inyeshapo juu ya kisiwa cha namna hii, maji huchukua hewa ya ukaa katika udongo, yakawa na ukali kidogo, nayo hupenya mwambani huku yakiyeyusha sehemu ya mwamba ule. Kwa hiyo maji ya visima vya visiwa vya matumbawe, hata yakiwa hayana chumvi ya bahari ya kutambulika kwa ulimi, huwa yamebeba chokaa. Watu huyatambua kwa jinsi yanavyoikataa sabuni isitoe povu. Katika vitabu vya shule huitwa "maji magumu".

Maji magumu yakichemshwa hurudisha kile yalichokichukua. Chokaa hujitenga na kuganda ukutani mwa chombo. Kila mama wa nyumbani wa pwani ameuona utando mweupe ndani ya birika la chai. Utando huo ndio pia unaoganda ndani ya injini na ndani ya vijimirija vya rejeta, mwaka hata mwaka, mpaka njia ya maji inakuwa nyembamba kama uzi. Basi si mzaha kusema kwamba kitu kile kile kilichosimamisha kuta za Songo Mnara kwa zaidi ya miaka 500 ndicho kiwezacho kuusimamisha mwendo wa lori katika njia ya Lindi.

Hapa tayari tunaona upungufu wa neno "maji baridi" katika kazi ya ufundi. Neno hilo hutuambia kuwa maji hayana chumvi. Halituambii kama yamepoa, wala halituambii kama yana chokaa.

Injini na maji yake

Injini ya petroli au ya dizeli haiwezi kuligeuza joto lote la mafuta liwe nguvu ya kuzungusha magurudumu. Takriban theluthi moja ya joto hilo huingia katika kuta za injini, na lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha huungua na pistoni hukwama. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipozwa kwa maji yaliyoachwa yachemke na kupotea hewani, na mkewe, Bertha Benz, alipolisafirisha mwaka 1888 katika safari ndefu ya kwanza ya gari, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara. Mnamo 1900 Wilhelm Maybach, katika gari la kwanza lililoitwa Mercedes, alitumia rejeta yenye vijimirija zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kama sega la nyuki. Tangu hapo maji yalizunguka yakipozwa na upepo, badala ya kupotea.

Magari yalifika kwetu mapema. Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari mwezi Agosti 1907 akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, mwezi Mei 1909. Baada yake yalikuja magari ya serikali, ya wamisheni na ya wafanyabiashara, na pamoja nayo yalikuja maneno ya ufundi. Neno "gari" lenyewe lina asili ya Bara Hindi. Maneno kama injini, rejeta, pampu, feni, gasketi na spana yalitoka katika Kiingereza, yakapitia midomoni mwa mafundi kabla ya kufika katika kamusi. Maneno hayo hayakuundwa na kamati yoyote. Yalichongwa gereji, nayo yamedumu.

Ni muhimu kutambua kwamba katika kipindi hicho chote hapakuwa na haja ya jina la kile kilichotiwa ndani ya rejeta. Kilikuwa maji, nacho kiliitwa maji. Utingo wa lori alibeba debe lake, akachota mtoni au kisimani, akajaza. Gari lilipozidiwa na joto watu walisema "limechemsha", na usemi huo umekua hata leo mtu aliyeshindwa katika jambo lake husemwa mitaani kuwa amechemsha. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni hapo Ndundu, kisha yakapambana na mchanga na tope kuelekea Somanga. Gari likienda kwa gia ndogo, injini inafanya kazi kubwa na upepo ni mdogo. Aliyejaza rejeta kwa maji ya chokaa alilipia njiani humo.

Jina lililotoka nchi za baridi

Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini tatizo la kwanza halikuwa chokaa. Lilikuwa barafu. Maji yakiganda hutanuka, na injini yenye maji yaliyoganda hupasuka. Kwanza watu walichanganya maji na pombe, lakini pombe hupotea upesi kwa joto. Glaikoli ya ethilini, ambayo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, ilianza kuuzwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1927 kwa jina la Prestone. Mchanganyiko wa nusu glaikoli na nusu maji hauanzi kuganda mpaka baridi ifike karibu digrii 37 chini ya sifuri. Ndiyo sababu jina lake la kawaida katika Kiingereza lilimaanisha "kizuia kuganda".

Mfasiri anayelihamisha jina hilo neno kwa neno hutenda kosa lisiloonekana katika sarufi. Hapa Kilwa au Lindi maji hayagandi kamwe. Dereva akielezwa kwamba dukani kuna "kizuia kuganda", kwa akili timamu atasema hakimhusu, naye ataendelea na maji ya kisima. Kumbe kimiminika hicho kina kazi nyingine mbili ambazo katika nchi ya joto ndizo kubwa. Kwanza, hupandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye digrii 108 hivi badala ya 100, na chini ya kifuniko cha rejeta kinachoshika mgandamizo huvuka digrii 120. Pili, hubeba dawa za kuzuia metali isiliwe. Bila dawa hizo glaikoli yenyewe huchacha polepole ikawa na asidi.

Hali kama hiyo imekipata kidhibitijoto, ambacho mafundi hukiita themostati. Hoja isikikayo gereji ni kwamba hicho ni kifaa cha nchi za baridi, na mafundi wengi wamezoea kukiondoa. Injini isiyo nacho huchelewa kufikia joto linaloifaa, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Mafundi hawa si wajinga. Wamepewa maneno yaliyotungwa kwa ajili ya tabia ya nchi nyingine, nao wakayatafsiri kwa uaminifu.

Chumvi na vyombo vya majini

Anayekwenda Songo Mnara kutoka Kilwa Masoko hupanda chombo. Zamani kilikuwa cha tanga, na matanga bado yapo, lakini siku hizi vyombo vingi vina injini za kufungwa nyuma. Injini hizo hupozwa na bahari yenyewe: pampu ndogo yenye mapezi ya mpira huvuta maji ya chumvi, huyapitisha injinini na kuyatupa. Nahodha mzoefu hutazama mchirizi mwembamba utokao ubavuni mwa injini. Ukikatika, anazima. Kwa kuwa chumvi hula metali, watengenezaji hufunga kipande cha zinki ili kiliwe badala ya injini, nao huagiza kwamba baada ya safari injini isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi.

Katika agizo hili "maji baridi" ya pwani yanafaa kabisa, na nahodha wa Kilwa hatakosea. Lakini kitabu hicho hicho kikipelekwa Mwanza au Kigoma, ambako ziwa zima ni maji yasiyo na chumvi, msomaji atadhani anaambiwa habari ya joto la maji. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi kila sifa itajwe kwa neno lake: "maji yasiyo na chumvi", "maji yaliyopoa", "maji laini" kwa yale yasiyo na chokaa, na "maji yaliyokenekwa" kwa yale yaliyopatikana kwa mvuke uliopozwa. Neno la pwani lisifutwe katika kamusi wala katika ushairi. Lisipewe tu kazi ya kulinda injini peke yake.

Gari la zamani na vimiminika vipya

Swali ambalo mwenye gari la zamani huuliza ni hili: nitie kipi? Jibu lina historia yake. Magari mengi ya zamani yaliyotumika nchini, kama vile Land Rover na malori ya Bedford, yalikuwa na injini za chuma cha kalibu na rejeta za shaba zilizounganishwa kwa risasi na bati. Kimiminika cha wakati wao kilikuwa na chumvi za madini, kama silikati na fosfati, ambazo huweka utando wa ulinzi juu ya metali haraka. Utando huo huisha, na kwa hiyo kimiminika hicho hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi.

Magari mapya yana rejeta za alumini na matangi ya plastiki. Kwa ajili yake vimetungwa vimiminika vyenye asidi za kikaboni, ambavyo hudumu miaka 5 au zaidi. Kampuni ya General Motors ilianza kutumia cha namna hiyo katikati ya miaka ya 1990. Baadhi ya asidi hizo huweza kuidhuru risasi ya maungio ya rejeta za kale na baadhi ya gasketi zake. Tena aina mbili zikichanganywa, dawa hupungua nguvu, na pengine mchanganyiko huwa mzito kama uji ukaziba njia. Watengenezaji wa Kijapani, ambao magari yao yaliyotumika yamejaa katika barabara zetu, kwa kawaida hutumia asidi za kikaboni pamoja na fosfati bila silikati.

Kanuni basi ni rahisi kueleza. Gari la zamani lenye rejeta ya shaba litiwe kimiminika cha chumvi za madini, theluthi moja hadi nusu kwa kipimo, kikichanganywa na maji yaliyokenekwa au, yakikosekana, maji safi ya mvua. Kabla ya kukitia, kutu na ukoga wa zamani uoshwe, kwa sababu kimiminika kipya huweza kuung'oa na kuupeleka kuziba rejeta. Rangi isitegemewe: kijani, nyekundu au machungwa huchaguliwa na mtengenezaji, na hapana sheria ya dunia nzima inayozifunga. Kinachopasa kusomwa ni maandishi. Na hapo ndipo kazi yetu inapoanza, kwa maana maandishi yenyewe mara nyingi hayako katika lugha asomayo fundi.

Hatari ya neno "maji"

Wengi bado husema "maji ya rejeta" hata kilichomo kikiwa glaikoli. Glaikoli ya ethilini ni sumu. Haina rangi mpaka itiwe, na ladha yake ni tamu. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi zinazoharibu figo. Kiasi cha mililita 100 hivi chaweza kumwua mtu mzima, na kiasi kidogo zaidi mtoto. Mwanzoni mgonjwa huonekana kama mlevi tu, jambo linalowafanya watu wachelewe kumpeleka hospitali, hali dawa ipo na hufaa ikitolewa mapema. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi zilizochafuliwa kwa glaikoli ya namna hii na ndugu yake, dai-ethilini. Hawakunywa kimiminika cha gari, lakini sumu ni hiyo hiyo.

Katika nyumba zetu chupa haitupwi. Chupa ya soda hutiwa mafuta ya taa, na dumu la mafuta ya kupikia hutiwa chochote. Kimiminika kitamu cha rangi ya kijani, kilichobaki katika chupa ya soda na kuitwa "maji", kinamngoja mtoto mwenye kiu. Tayari tuna funzo la "maji ya betri", jina ambalo hutumika kwa maji yaliyokenekwa na husikika pia likitumiwa kwa tindikali. Neno "maji" katika Kiswahili huleta amani moyoni. Lisiwekwe juu ya sumu.

Uteuzi wa istilahi

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na kazi yake mojawapo imekuwa kusanifu istilahi. Utaratibu uliozoeleka ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, na hatimaye katika lugha nyingine. Tukiufuata, kitenzi cha kuanzia ni "poza", chenye maana ya kufanya kitu kipoe. Wengi husema "pooza", lakini umbo hilo lina pia maana ya kulemaa kiungo, na "dawa ya kupooza injini" ingeweza kueleweka kuwa dawa ya kuiua. Afadhali "poza".

Kutokana na kitenzi hicho twaweza kupata "kipozaji" au "kipozeo". Yote mawili ni sahihi kisarufi. Hata hivyo "kipozaji" linafanana mno na "kinywaji", na "kipozeo" laweza kudhaniwa kuwa kitu cha kupozea kiu. Palipo na sumu tamu, shaka ya namna hiyo ni ghali. Kwa hiyo tunapendekeza "kipozainjini", kwa kufuata mfano wa "kipimajoto" na "kinasasauti". Neno hilo hutaja kazi na hutaja mnywaji wake: injini, si mtu. Halitaji baridi wala barafu, na kwa hiyo linamhusu dereva wa Lindi sawasawa na yule wa milima ya Ulaya. Fundi akipenda kusema "kulanti" hatumgombezi, maana lugha ya gereji ina haki yake. Lakini katika kibandiko, katika kitabu na katika waraka, litumike neno linalojieleza lenyewe.

Kwa utando wa chokaa tunalo neno zuri la nyumbani, "ukoga", lililozoeleka kwa meno. Hapana haja ya kuazima. Kwa kuliwa kwa metali tunalo "ulikaji", kwa kuwa Mswahili amekwisha kusema tangu zamani kwamba kutu hula chuma. "Rejeta" libaki, maana kila mtu analijua, na kuliondoa kungekuwa kumnyang'anya fundi chombo mkononi.

Tunayoyaomba kwa wafasiri na walimu si mengi. Kila kibandiko cha kipozainjini kiwe na mambo manne kwa Kiswahili: aina ya dawa iliyomo, kipimo cha kuchanganya, muda wa kukibadilisha, na maneno haya kwa herufi kubwa: SUMU, SI YA KUNYWA. Tanabahi ya mwisho ndiyo itangulie nyingine zote. Injini iliyochemka huweza kutengenezwa tena hata kama vipuri vyake vimeadimika. Mtoto aliyedanganywa na neno hatengenezeki.